Mnazi Aliobakiza Mama

Mama aliuza kiwanja cha upande wa barabarani, pale Mapinga, lakini mnazi akaubakiza. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Ardhi ni kitu kimoja, mti ni kitu kingine, na watu wameishi hivyo tangu enzi za mabibi zetu. Mnunuzi, mtu wa kazi za mjini, aliitikia mbele ya mjumbe, akasema hakuna shida mama, mnazi wako ni wako. Kumbe alikuwa anaitikia ili apate kiwanja tu.

Akajenga. Na katika kiwanja chote kile, jamani, baraza yake akaileta chini ya mnazi. Akaezeka bati la msauzi, jekundu, halafu akaanza kulalamika kwamba nazi zinalibonyeza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja mwenyeji augue.

Zamani nazi za mnazi ule zilikuwa hazianguki ovyo kwa sababu zilikuwa haziachwi zianguke. Mkwezi alipanda, akaziangua, akazitupa upande wetu. Sasa wakwezi wameshuka minazini wamepanda bodaboda, na ukimwita mmoja anakuuliza kama umemwona kichaa. Kwa hiyo nazi inakaukia juu hukohuko mpaka ichoke yenyewe.

Mama akashika msimamo wake. Nazi ina macho, akasema, inaona pa kuangukia, na za mnazi wake zinashuka wima mpaka shinani. Bati, kwa maneno yake, limebonyezwa na mawe ya watoto. Jirani naye akashika lake: ana mtoto anayetambaa kwenye baraza ile, na mnazi ukatwe. Wakafikishana kwa mjumbe. Mjumbe, mtu asiyependa lawama, akatoa hukumu nyepesi kwamba nazi zikiwa zinaangukia shinani mnazi utabaki, na zikiwa zinafika barazani utakatwa.

Siku hiyohiyo mama akanipigia simu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mwendo wa vitu vilivyorushwa ni mada ninayoifundisha kila mwaka mpaka imenikaa kooni. Akaniambia nije niwaeleze hawa watu kisomi. Hakuniuliza kama naweza. Kwake mtoto aliyesoma ni wakili wa nyumba, basi.

Nikaenda Jumamosi. Nikamwamkia mjumbe shikamoo, nikamwamkia mama, nikakunja sketi nikaingia kazini. Tulipima kivuli cha mnazi kwa kamba ili nipate urefu wake, na mama mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya pili. Alikuwa na furaha, akimtania jirani kwamba leo atajua hajui. Mimi nilikuwa nimeshatazama juu. Kusi ilikuwa inavuma, na kilele cha mnazi kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, na kila kikienda kinaelekea kwenye lile bati jekundu.

Kila mwaka wanafunzi wangu wananiambia kitu kikiachiwa kinashuka wima, na kila mwaka nawagombeza. Ndala ikikuponyoka mguuni ukiwa kwenye bodaboda inayokwenda, haiangukii pale ilipoponyokea. Inaendelea mbele huku inashuka, kwa sababu ilikuwa na mwendo wa pikipiki kabla haijakuponyoka. Nazi ni vilevile. Ikikatika wakati kilele kinayumba, inaondoka na mwendo wa kilele. Mnazi ulikuwa wa mita kama kumi na mbili, yaani sekunde moja na nusu hewani, na kwa myumbo ule nazi ingetua mita tatu kutoka shinani. Baraza ilianzia mita mbili. Nilirudia hesabu mchangani kwa kijiti, nikapunguza huku, nikabana kule, nikiomba Mungu nikosee. Sikukosea. Ningekuwa mjinga kidogo tu siku ile ningeshukuru.

Nikawaambia. Nilisema zinafika barazani, tena kwa upepo kama huu zinafika mlangoni. Jirani akatabasamu akasema asante mwalimu, na ile asante iliniudhi kuliko matusi. Nikamgeukia, nikamwambia mnazi ulikuwepo kabla ya bati lake, na mwenye akili hajengi baraza chini ya nazi. Mjumbe akanikatiza kwa upole. Alisema hapa hatukuuliza nani alitangulia, tuliuliza nazi zinaangukia wapi.

Mama alikuwa bado ameshika kamba. Akaiweka chini, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka nikaondoka.

Ulipokatwa nilikwenda. Nilimkuta ameketi uani kwenye mkeka, makuti yamejaa mbele yake, anachambua chelewa za kutengenezea mafagio. Hakuniinulia uso. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kupata hasira, maana nilikuwa nimesema kweli na bado nimesimama kama mshitakiwa. Nikasema mtoto wa watu angeweza kufa pale. Nikamuuliza alitaka niseme nini.

"Kwani mimi sijui nazi zangu zinaangukia wapi?" akasema. "Nimeishi na ule mnazi kabla wewe hujazaliwa. Ningeukata mwenyewe, kwa sababu ya yule mtoto. Lakini ningeukata kwa hiari yangu, watu wakijua umenitetea. Nilikuita usimame nami mbele yao. Mengine tungeambiana ndani."

Nilishindwa kukaa na nilishindwa kuondoka. Mtu mzima mimi, na darasa zima linanisikiliza kila siku, lakini kwa mama yangu sina pa kupenyea. Nikamwambia hesabu haina upande.

Akavuta chelewa nyingine, akaipangusa kwa kisu.

"Hesabu haina," akasema. "Wewe unao."