Kondoo wa Mjomba

Siku hiyo kwangu Runyenjes tulikuwa mimi, kijana wangu wa kwanza, mke wake, binti yangu aliyeolewa Ruiri, na mtoto wa huyo binti, mjukuu wangu aliyerudi kutoka Amerika. Majina yao nayajua yote, hata ya ubatizo, lakini nimeambiwa nisiandike.

Mjukuu alikuwa mchezaji wa besiboli. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira, na mwingine anajaribu kuupiga na rungu. Alilipwa kwa hiyo kazi mpaka bega likakataa.

Alikuwa amenunua shamba Ruiri, lakini mama yake alimkataza kulima kabla mjomba wake, yaani kijana wangu, hajambariki. Kwetu mtu akipata mali, mjomba huletewa kondoo dume. Na huyu mjukuu, akiwa bado huko ng'ambo, alituma pesa za kondoo kwa simu! Mjomba akazirudisha siku hiyo hiyo.

"Kondoo wa simu ana mkia?" mjomba akamuuliza. "Hapa sokoni wanasema una mamilioni. Mimi unanitupia chenji?"

"Mjomba, mamilioni ni ya wale wa ligi ya juu. Mimi nilikuwa ya chini. Nyumba moja tulilala wanne. Baridi ikija hakuna mechi wala mshahara, napakia mizigo kwa stoo. Kilichobaki ni hilo shamba na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa mengi."

"Kwa hivyo ulienda mbali hivyo kuuza mkono?"

Binti yangu akaangalia chini. Mimi nikaacha kumenya viazi.

Mjukuu akatoka nje, akarudi na kondoo dume shingoni, ameshika miguu yake kwa mkono wa kushoto.

"Nani amekubebea kutoka steji ya matatu?"

"Nimembeba mwenyewe, mjomba."

"Na bega?"

"Kuna hili lingine."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akasimama, akamtemea mate ya baraka kifuani, kama mume wangu, baba yake, alivyokuwa akifanya. Halafu, bila kuambiwa, akamtemea tena kwa lile bega bovu. "Ukalime," akasema. "Na ng'ombe akizaa, nitakuja kunywa maziwa."

Sasa huko Ruiri nyasi ya ng'ombe imeshafika magotini, na Jumamosi mjukuu anafundisha watoto wa jirani kurusha mpira kwa ile sehemu ambayo haijalimwa. Bure.

Nafikiri kondoo alikuwa mweupe mwenye kichwa cheusi. Binti yangu anasema alikuwa mweusi wote. Aliyemwona pale steji aniambie, nitarekebisha.