Punda Aliyesimama Juu ya Elimu

Gazeti lilifika Amu mara moja kwa wiki, Jumamosi baada ya alasiri. Lilitoka Nairobi kwa basi hadi Mokowe, likavushwa kwa mashua pamoja na vitunguu na mifuko ya posta, kisha mchukuzi akalileta dukani kwa mjomba wangu akiwa amelibana kwapani. Siku za joto lilifika lina jasho lake.

Mjomba alikuwa fundi cherehani kwenye ndia kuu, ile njia ya katikati ya mji. Nilipomaliza shule ya msingi niliwekwa kwake nijifunze kazi. Mahali pangu palikuwa ndani, juu ya mkeka nyuma ya cherehani, nikishona matundu ya kofia. Nje kulikuwa na baraza ya mawe, na hapo ndipo walipokaa wenzake mjomba. Walikuja na kuondoka wengi, lakini wawili hawakukosa. Mmoja alikuwa mwalimu kutoka bara, kijana mrefu aliyeletwa na serikali kufundisha, ambaye mwanzoni alikuja kupunguziwa suruali akasahau kwenda zake. Wa pili alikuwa mzee mwenye punda watatu wa kubeba mawe na mchanga. Huyu aliwafunga punda wake pembeni mwa duka, na kila neno lililosemwa barazani alilichukua akaligeuza kichekesho.

Habari za dunia zilisomwa upesi, kama mtu anayemaliza mchuzi ili aifikie nyama. Nyama ilikuwa ukurasa wa nyuma, kwenye fumbo la maneno. Lilikuwa na vyumba vyeupe na vyeusi. Kila swali lina jibu lake, herufi moja kila chumba, mengine yakienda kulia na mengine yakishuka chini, nayo yanakutana njiani na kuazimana herufi. Vyumba vichache vilitiwa nukta. Ukimaliza yote, unakusanya herufi za vyumba vyenye nukta, unazipanga upya, nazo zinakupa neno moja lililofichwa. Neno hilo nalo lina swali lake, limeandikwa chini kabisa. Hilo ndilo baraza ililotafuta wiki nzima, maana majibu hayakutolewa mpaka gazeti la Jumamosi inayofuata.

Wenye gazeti walitoa zawadi kwa waliotuma majibu mapema. Lakini lilipotufikia sisi, siku ya kutuma ilikuwa imekwisha pita. Basi baraza ilijiwekea zawadi yake, na zawadi yenyewe ilikuwa mji.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ukishindwa kitendawili unampa mji aliyekitega, naye anaweza kuukataa mpaka apewe anaoupenda. Kwa mjomba sheria ilikuwa ni hiyo hiyo. Atakayelipata neno la mwisho kabla gazeti jipya halijafika, wenzake watampa mji. Ila mji haupewi mtu bubu. Ukishaupokea sharti usimame mbele ya baraza uutawale kwa maneno: ulikwenda, ukapokewa na nani, ukalishwa nini, na hawa walioshindwa umewapa kazi gani. Ndipo ulitaje neno. Mzee wa punda aliwahi kupewa Siyu, akaitawala mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Mwalimu alimfanya mchunga ng'ombe, na mjomba akampa kazi ya kuwashonea ng'ombe hao suruali.

Na ikiwa baraza nzima imeshindwa, mji huenda kwa gazeti. Mjomba husimama, akaliinua lile jipya kabla ya kulifungua, akasema, "Haya, chukueni."

Mimi nilikuwa nikicheza peke yangu. Jumamosi jioni, watu wakienda kuswali magharibi, nilikuwa nikivichora vile vyumba kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki, halafu wiki nzima kitambaa kile kilikaa chini ya goti langu. Nikishona tundu moja nafikiri, nikishona la pili naandika. Mara nyingine nililipata neno. Nililitazama kidogo, kisha nikalifuta kwa kiganja. Kusimama mbele ya watu na kutawala mji! Mimi hata salamu niliitikia kwa kichwa.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua, baraza ilipatwa na balaa. Walishindwa mfululizo, na maneno hayo mimi pia sikuyapata. Kiunga ilikwenda kwa gazeti, kisha Faza, kisha Pate. Siyu ilipotolewa mzee wa punda alilia ufalme wake. Ilipofika zamu ya Shela, alikokuwa ameoa, alishika kichwa. "Mkwe wangu leo ni raia wa gazeti," alisema. "Nitamwambia nini mke wangu?"

Jumamosi ile mjomba hakucheka. Alilikunja gazeti jipya juu ya paja lake akasema, "Miji yetu ya huku imekwisha. Imebaki Amu."

"Amu haitoki," alisema mzee wa punda.

"Haitoki. Mimi siwezi kuwapa nti yangu watu wa karatasi. Basi sikizeni. Tukishindwa na hili, mchukuzi akija Jumamosi atarudi nalo lake. Silinunui tena."

"Fundi, huu ni mchezo," alisema mwalimu.

"Mchezo ni kwako wewe, Mwalimu, wewe ukishindwa unarudi kwenu. Mimi nikitoa Amu nitalala wapi?"

Walicheka, lakini mimi nilimjua mjomba. Aliwahi kuapa kwamba hatakula papa mpaka bei ishuke, na alikaa bila papa mpaka mkewe akamwombea kwa majirani. Nyuma ya cherehani vidole vyangu vilisimama. Hapakuwa na gazeti jingine ambalo mimi ningeweza kulifikia. Kulikuwa na chumba cha kusomea kwa wakubwa wa serikali, lakini hapo palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu wa kusalimiwa.

Fumbo la wiki ile lilianza vizuri. Swali la kwanza lilisema: *Hubeba watu na mizigo, na mlio wake huamsha waliolala.* Herufi tano. Hata mwalimu hakumaliza kulisoma. Punda mmoja pale pembeni alilia wakati uo huo, na baraza nzima ikapiga kelele, "Punda!"

"Mwaona?" alisema mzee, amejaa fahari. "Nairobi wamemsikia."

Mwalimu akaandika PUNDA, na wote wakakubali kuwa wiki hii tutapona. Lakini kila siku iliyopita fumbo lilizidi kuwa gumu. Kutoka chumba cha tatu cha punda lilishuka neno la herufi tano lenye swali: *Mali isiyoibiwa.* Mwalimu alisema angeandika elimu, isipokuwa neno hili linaanza kwa N ya punda. Wakatafuta mali inayoanza kwa N. Mjomba akasema nazi. Mzee akamwambia kwamba nazi haina herufi tano, na tena, kama haziibiwi, nani anazichukua zake kila mwezi?

Ijumaa kila kitu kilikuwa kimejaa isipokuwa mali ile. Nukta zilikuwa sita, na kwenye mali hapakuwa na nukta nyingine zaidi ya kile chumba cha N, kwa hiyo herufi zote za neno la mwisho walikuwa nazo: S, I, M, A, na mbili za punda, N na D. Swali la chini lilikuwa hili: *Wengi gizani, macho wazi, hakuna asemaye.*

"Ni tarawehe taa ikizimika," alisema mjomba.

"Ni wevi," alisema mzee wa punda.

Mwalimu alizipanga herufi kila namna. "Naona sima," alisema mwishowe. "Kisha kunabaki N na D."

"Hiyo sima kula wewe, Mwalimu. Huku twala wali."

Jioni ile nilichukua kitambaa changu nyumbani nikakitandaza karibu na taa. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Yeye ni mtu wa Kipungani, na hata akichambua mchele vidole vyake huenda kama vinavyosuka mkeka. Aliniona nikiandika na kufuta, kufuta na kuandika.

"Wacheza nini na chaki ya watu?"

Nikamwambia. Kwa mama maneno hunitoka. Nikamweleza juu ya punda, mali, na wengi walio gizani.

"Wengi gizani," alisema, bila kuinua macho, "si kama usiku ule wa serikali walipotundika shuka ufuoni? Mimi nilitazama dirishani kwa shangazi yako. Watu tele, kimya, wanaitazama ile shuka."

Niliukumbuka. Maofisa walikuja na mashine, wakaonyesha picha za watu wanaolima kahawa, na mji mzima ukakaa mchangani bila kukohoa. Sinema. Nikahesabu kwa vidole: S, I, M, A zilikuwapo. Zilizobaki zilikuwa N na E. N walikuwa nayo, lakini hapakuwa na E. Palikuwa na D ya punda.

Nilimtazama punda yule kwa muda mrefu. Nikawafikiria wale waliotunga fumbo, huko kwao Nairobi, asubuhi, wakiwa wamelala. Kinachowaamsha wao ni nini? Kule hakuna punda anayelia kichochoroni chini ya dirisha. Kisha nikakumbuka kitabu cha darasa la tatu, ukurasa wenye picha ya kitu kirefu cheusi kinachotoa moshi, ambacho hakuna mmoja wetu darasani aliyewahi kukiona, wala mwalimu wetu wa wakati ule. Nikamfuta punda. Nikaandika TRENI. Chumba cha tatu kikawa E, cha nne kikawa N, na kutoka kwenye ile E elimu ikashuka yenyewe mpaka chini, kama maji kwenye mfereji.

Nilicheka peke yangu. Mama akauliza ninacheka nini, nikamwambia kwamba punda alikuwa amesimama juu ya elimu.

"Basi kesho uwaambie."

Nikaanza kukikunja kitambaa changu.

"Kama una neno na hulisemi," alisema mama, "hilo gazeti lina faida gani kwako? Liache liende." Akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi baada ya alasiri baraza ilikaa kama msibani. Mwalimu alikuwa na penseli lakini haandiki. Mzee wa punda alichungulia upande wa gati kila mara. Mimi nilishona tundu lile lile mara mbili. Kisha nikamsikia mzee akisema, "Huyo. Mchukuzi yule, amefika kwa muuza halwa."

Mjomba akaondoa miwani yake. Mimi nilisimama. Sijui nilisimamaje, maana uzi ulikuwa bado umeshikana na kofia na kofia imeshikana na kanzu yangu, nikatoka nje nayo inaning'inia.

"Mjomba," nikasema. "Si punda."

Wote watatu wakageuka. Nadhani mwalimu hakuwahi kuisikia sauti yangu kabla ya siku ile.

"Si punda nini?" aliuliza mjomba.

"Anayeamsha watu. Si punda."

"Ndoo hapa!" alisema mzee wa punda, akiniita kwa mkono na kusimama naye. "Punda wangu amekukosea nini, baba? Kama si punda ni nani basi?"

Nilikuwa nimefungua kinywa nijibu, lakini mjomba akainua mkono. Alinitazama, akatazama ile kofia, nikaona ndevu zake zinaanza kutikisika. "Ngoja," alisema. "Sheria ni sheria. Una neno la mwisho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa kichwa haisikiki."

"Ninalo."

"Basi apewe mji. Upesi, mchukuzi aja!"

"Nakupa Mombasa," alisema mwalimu.

"Siitaki."

"Nakupa Unguja na karafuu zake," alisema mzee.

"Siitaki."

"Huyu ana tamaa! Watakaje, wataka Amu?"

"Nataka Kipungani," nikasema.

Wakaangua kicheko, maana katika ile miji yote waliyokuwa wakiigawa hakuna aliyeikumbuka Kipungani. Mjomba alijipiga paja. Kipungani ndiko alikozaliwa yeye na dada yake, mama yangu. "Tunayo!" alisema. "Kumbe tulikuwa na mji mwingine! Chukua, chukua, utawale."

Mchukuzi alikuwa amekwisha fika, naye akasimama kusikiliza. Nikatazama chini nikaanza, polepole, neno moja moja, kama ninavyoandika sasa. Nilikwenda Kipungani. Nilipokewa na mama yangu. Nililishwa wali na kaa. Nilipewa mkeka mpya, nikalala.

"Na sisi?" aliuliza mzee wa punda. "Sisi umetupa kazi gani?"

Nikafikiri. "Mjomba anashona mikeka kwa cherehani," nikasema. "Mwalimu anapika sima, lakini hakuna anayekula. Na wewe, Mzee, unakwenda kila alfajiri kuniamsha, kwa sababu punda wamekataa."

Mwalimu alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Nikataja treni, nikataja elimu, kisha sinema. Mchukuzi akanyang'anywa gazeti jipya, mwalimu akalifungua kwenye ukurasa wa majibu, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha punda. "Treni," alisema. Halafu akashuka kwenye elimu, akatikisa kichwa. "Mimi mwenyewe nililisema. Wiki nzima nimezuiwa na punda."

Mzee wa punda hakungoja sinema. Alikwenda pembeni ya duka, tukamsikia akimwambia mnyama wake, "Usijali, baba. Hawakujui, ndiyo maana."

Mjomba akavaa miwani yake. Alimpa mchukuzi haki yake, na mchukuzi alipogeuka kwenda zake akamwita, "Jumamosi usichelewe." Kisha akasogea kwenye baraza, akapiga mkono wake juu ya jiwe kati yake na mwalimu.

"Sultani wa Kipungani," alisema, "kata huo uzi, ukae."

Nikaukata kwa meno, nikakaa. Mwalimu akaanza kusoma swali la kwanza.