Watu Waliopitia Intaneti Yetu

Mke wangu hajui haya ninayoyaandika, na sina mpango wa kumsomea. Kama kuna msomaji anayetarajia nijitetee, afunge ukurasa sasa, asije akapoteza muda wake.

Nilifutwa kazi Timau, kwenye shamba la maua, mimi na karibu banda zima la wapakiaji. Mke wangu alikuwa akikaa mjini Embu, mtaa wa Dallas, ambako zamani alikuwa mpiga chapa wa wakili. Nikamfuata. Mwanamume kuhamia nyumba ambayo kodi analipa mke ni jambo ambalo kwetu halihitaji maoni ya mtu, lakini watu walitoa. Kulikuwa na jirani ambaye kila akinikuta naanika nguo ananisalimu, "Umeamka aje, mama?" Nilicheka naye. Usipocheka watajua imekuuma.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameshaacha ofisi ya wakili. Alifanya kazi ya mtandaoni: anavaa visikizi masikioni, anasikiliza sauti zilizorekodiwa ng'ambo, mikutano, mahubiri, madaktari wakieleza hali za wagonjwa wao, kisha anaandika kila neno. Kampuni yenyewe hajawahi kuiona. Alichokuwa nacho ni akaunti, na akaunti hiyo ilikuwa na sifa alizozikusanya kwa miaka mitano bila doa. Ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyonunua dawa za presha za mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi peke yake Kaaga, kule Meru, na ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Na ndiyo sababu sisi, watu wa vyumba viwili na kochi lililotoboka, tulikuwa na intaneti ya waya.

Siku moja mtu niliyefanya kazi naye Timau alinipigia simu. "Wewe si uko na wifi kwa nyumba? Na ile hamtumii inaenda wapi? Weka hii app, watu wa majuu wapitie hapo, wewe unalipwa ukiwa umekaa tu."

Nilimwelewa haraka mno, na hapo ndipo nilipopotea. Kwetu mlimani, baba alikuwa mwanachama wa mradi wa maji. Siku ya zamu yetu tangi lilijaa, yaliyozidi yakamwagika, na majirani wasio wanachama wakaja na mitungi yao. Hakuna aliyeulizwa anaenda kuyafanyia nini. Kumnyima mtu maji yanayomwagika kwetu ni roho mbaya tupu. Nikaona intaneti ni vivyo hivyo, tena hii inalipa. Sikufikiria kwamba mwenye mtungi akishaondoka habebi jina la baba yangu njiani, lakini anayepitia intaneti ya nyumba yako hubeba anwani ya nyumba hiyo kila aendako, na akifanya uchafu, mlango unaoandikwa ni wako.

Niliweka ile app kwenye simu yangu ya zamani, nikaichomeka nyuma ya runinga, ikae hapo mchana kutwa. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka angalau mara moja niweke kitu mezani ambacho sikumwomba yeye. Miezi miwili baadaye malipo ya ile app yalifika kiwango cha kutolewa, yakatosha kilo moja ya nyama ya mbuzi na parachichi mbili.

"Umetoa wapi?" akaniuliza.

"Nimepata kakibarua."

Siku hiyo alipika yeye mwenyewe, akanipakulia kwanza, akaniita mzee wangu. Nilifurahi, sitaficha. Kwa sifa ile ningeuza nyumba nzima, na kwa kweli ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Kisha mama yake akaanguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukalegea. Mke wangu alienda Kaaga wiki nzima. Alibeba kompyuta, na kazi aliifanya kwa intaneti ya mwalimu mmoja jirani, mama yake akiwa amelala. Aliporudi zilipita kama siku nne. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji nikasikia vidole vyake vimeacha kugonga. Nikamkuta ameshika kichwa mbele ya kompyuta. Maandishi yalikuwa machache: akaunti yake imesimamishwa, kwa sababu imeonekana ikitumika kupitia mtandao ambao watu wengine wanautumia.

"Ni Kaaga," akasema. "Ni ile wifi ya mwalimu. Nimejimaliza na mikono yangu."

Nilitoka nje na ile simu ya zamani, nikasoma masharti ya app kwa mara ya kwanza. Yalikuwa pale wakati wote, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Watu wasiojulikana watapita. Huduma nyingine zinaweza kuikataa anwani yako. Nilikuwa nimekubali kwa kidole gumba, kama mtu anayefukuza nzi. Nikaifuta app palepale uani, lakini kuifuta hakukumrudishia yeyote chochote.

Niliporudi ndani alikuwa analia. "Nisamehe, mzee wangu," akasema. "Nimeharibu kazi."

Nikamwambia nimemsamehe.

Aliandika rufaa. Wakamjibu kwa adabu kwamba wanachunguza, na kwamba uchunguzi ukiendelea afungue ukurasa wa akaunti kila siku, kutoka mahali pake pa kawaida tu. Maneno hayo aliyashika kama amri za Mungu. Kila asubuhi alioga, akavaa nguo za kazini, akakaa mbele ya kompyuta na kusoma sentensi ileile. Duka la pembeni lilianza kutunyima mkopo wa unga. Nilitafuta vibarua vya mjengo, safari hii vya kweli, nikapata viwili.

Wiki ya tano, yule mwalimu jirani, mama mtu mzima, akapiga simu kutoka Kaaga. Mgonjwa amezidiwa. Halii maumivu, anamlilia binti yake.

"Nikienda watajua sikufungua hapa," mke wangu akaniambia. "Watanifunga kabisa, na hizo dawa zitatoka wapi? Enda wewe. Umwambie nakuja, kazi ikifunguka tu."

Nilijua kwamba hata akihamia Kaaga mwaka mzima hakuna kitakachobadilika, kwa sababu kosa halikuwa Kaaga. Ilibaki sentensi moja tu. Ningeisema, angelia, angenitukana, pengine angenifukuza, kisha angepanda gari akalale karibu na mama yake. Nikasema, "Sawa, nitaenda."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mpaka Kaaga.

Sasa, kumtuma mkwe kwa mama mkwe mgonjwa ni kama kutotuma mtu. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Hamgeuzi, hamlishi, hamshiki hata mkono. Nilikaribishwa chai sebuleni, nikakaa pembeni ya kiti na mfuko wa machungwa magotini, na kati yangu na yeye kulikuwa na pazia la maua mekundu. Mwalimu aliingia na kutoka akibeba beseni. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ya mke wangu.

Mama aliongea nami kutoka nyuma ya pazia, kwa Kimeru, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

"Muthoni, umekuja?" Hivyo ndivyo tunavyoitana wakwe.

"Nimekuja, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ni kazi, mama. Kazi imemshika."

Kisha akasema, "Nikimkosea siku zote huniambia. Muulize safari hii nimemkosea nini, nimwombe msamaha kabla sijaenda."

Nilisikia mwalimu akiacha kukamua kitambaa. Nikasema tena kwamba ni kazi.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. "Amesema nini?"

"Amesema ametulia. Amesema usijali, shughulikia kazi kwanza."

Akashusha pumzi ambayo naona alikuwa ameibana tangu nilipoondoka. "Kumbe mama ananielewa," akasema.

Mama yake alifariki siku ya tisa baada ya mimi kurudi. Akaunti haikufunguliwa, siku hiyo wala baadaye. Kwenye mazishi, wanawake wa kanisa la mama walimzunguka mke wangu kumpa pole, na mmoja, asiyejua kuchunga mdomo, akamuuliza mbona hakuonekana siku za mwisho.

"Mama mwenyewe alisema nisije," mke wangu akajibu, akikaza shingo. "Alisema nishughulikie kazi. Muulizeni mzee wangu, yeye ndiye aliambiwa."

Wote wakanigeukia. Mwalimu alikuwa miongoni mwao, amesimama karibu vya kutosha kuniona macho.

Nikasema ndiyo, hivyo ndivyo alivyosema.