Mtoto Niliyemjua kwa Vidole

Watu wa kwetu Lushoto wakinitaja husema, yule mama aliyepona macho. Nawaachia waseme. Jicho lilipona, kweli. Moyo ndio uliogoma.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikuwa tukitoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuchonga barabara ya kuteremshia mboga hadi Mombo. Wanaume walikuwa juu na mitaimbo, wanawake chini tukisomba mawe. Jiwe likawaponyoka wa juu, likanipiga kichwani, juu ya jicho la kulia. Na la kulia ndilo nililokuwa nalo. La kushoto liliondoka na surua nikiwa mtoto.

Nilizindukia hospitali, gizani, na huko ndiko nilikoambiwa nina mimba changa. Daktari alinieleza polepole kwamba jicho lenyewe ni zima. Ulioumia ni mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Huenda ukarudi, huenda usirudi, na dawa yake ni kusubiri. Nikamuuliza jambo moja tu: mtoto akizaliwa, nitamwona? Akasema tumwombe Mungu.

Alizaliwa wa kike, msimu wa ukungu. Mama mkwe wangu alinilea vizuri, siwezi kumsingizia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga hadi nikauchoka. Lakini mila aliishika: mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini iishe. Tukakaa chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa majani makavu ya migomba, moto unafuka pembeni, ili baridi na jicho la watu visimfikie mtoto. Humo ndani hata mwenye macho alipapasa.

Basi mwanangu nilimjua kwa vidole. Pua bapa, nyusi laini, kidevu chenye kibonyeo. Wageni waliniambia amefanana na baba yake. Mimi sikutaka kuambiwa, nilitaka kuona.

Siku moja mlango ulipofunguliwa niliona weupe. Nikadhani naota. Kesho yake ukaja tena, na ndani yake kivuli cha mtu kikipita. Nililia kwa furaha kama mwehu. Nikamwomba mama mkwe anitolee mtoto juani, nimwone hata kidogo.

"Mwanangu, umevumilia yote hayo," alisema. "Zimebaki siku chache. Utamwona mpaka umchoke."

Nikabembeleza, nikanuna, nikasusa na uji wake. Mume wangu akasema mambo ya uzazi ni ya wanawake, yeye hayamo. Na mimi, na hasira zangu zote hizi, kumpita mama mkwe mlangoni sikuthubutu.

Arobaini hatukuifikia. Kifua kilimbana mtoto, akawa anapumua kwa shida, titi halishiki. Tulikuwa tukijiandaa kumpeleka hospitali alipokata roho mikononi mwangu. Hata kukata roho kwake nilikujua kwa vidole.

Wanawake walimwosha, wakamvika sanda. Wanaume walikuwa wakimsubiri uani, maana sisi wanawake makaburini hatuendi. Nikasimama mlangoni, nikasema hapa hatoki mtu. Mama mkwe ndiye aliyemchukua, akanishika mkono, akatutoa wote wawili juani. Akaifunua sanda mwenyewe.

"Mtazame, mwanangu. Nisamehe."

Katikati ya jicho langu palikuwa na doa jeusi, na mpaka leo lipo. Kila nilipomwelekea, uso wake ulipotea. Ikabidi nigeuze kichwa, nimtazame kwa pembeni, ndipo akaja: kwanza shavu, halafu mdomo, umefunguka kidogo kama anayetafuta titi. Na maziwa yalikuwa yakinitoka, yameloanisha khanga yote. Wakaniuliza kama nimemwona. Nikasema ndiyo, wakamfunika, wakaenda naye.