Hilari Mtewele na Aya ya Pili

Lori likiwa linapanda mlima, Hilari Mtewele alinyamaza. Haikujalisha alikuwa anasema nini, wala anasema na nani. Alikata neno katikati, akainamisha kichwa kidogo, akasubiri dereva abadili gia na muungurumo utulie, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Alifanya hivyo kazini, alifanya hivyo akisoma somo la kwanza kanisani, na mara moja alifanya hivyo katikati ya kutoa pole msibani, wafiwa wakabaki wanamtazama. Asiyemjua alidhani amesahau alichotaka kusema. Sisi tuliomjua tulisubiri pamoja naye.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitatu katika tawi la Makambako la Vestberg, kampuni ya malori iliyotawala kwa muda mrefu barabara ya Songea na ile ya Mbeya. Yeye alikuwa mtunza stoo na muuzaji wa vipuri. Mimi niliajiriwa nikitoka chuoni na stashahada ya ugavi, nikapewa meza nyuma ya kaunta yake, kwa hiyo miaka yote hiyo niliuona mgongo wake zaidi ya uso: sweta la kijivu lililochakaa viwikoni, na shingo iliyofungwa skafu, maana upepo wa Makambako hauna adabu kwa mtu.

Madereva walikuja kufuata kipuri, wakakaa kwa sababu ya Hilari. Palikuwa na benchi upande wa wateja, na mtu aliyekwisha kupata alichotaka aliweza kukaa hapo saa nzima akihadithia kona fulani ya Lukumburu au mzani fulani. Hilari alisikiliza huku mikono yake ikifunga mzigo wa mwingine. Namba za vipuri alizijua kwa kichwa, tarakimu kumi kila moja. Nilikuwa nikizitafuta kwenye kompyuta, na kabla ukurasa haujafunguka alikuwa amekwisha zitaja.

Mke wake, Devota, alifariki mwaka wa tatu wa ndoa yao, hawajapata mtoto, naye hakuoa tena. Alipanga chumba karibu na stesheni. Siku moja, bila kulalamika, aliniambia kwamba tangu Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi hakuna mtu anayetamka jina lake. Nilifikiri juu ya maneno hayo kwa siku kadhaa. Nilianza kuelewa kwa nini Jumatatu alifika kazini kabla mlinzi wa usiku hajaondoka.

Malori ya Kichina yalianza kuja moja moja. Mwanzoni madereva wetu waliyacheka. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu, na yalikuwa yanabeba mzigo kama mengine. Tulipotazama barabarani asubuhi, la kwetu moja, ya kwao matatu. Kila mwezi kurasa za daftari la mauzo zilipungua, na kutoka Dar es Salaam tulisikia kwamba matawi madogo yatatazamwa upya. Hilari alikuwa na miaka hamsini na saba. Nilimwona akianza kupangusa kaunta mara mbili kwa siku.

Mwezi wa Juni alikuja Joackim Mligo, mwenye malori kutoka mtaa wa Ramadhani, Njombe, mteja wetu wa miaka kumi na minane. Alisimama mbele ya kaunta bila kuagiza chochote.

"Kamwene, Mzee Mtewele."

"Kamwene, Joackim. Limesimama wapi?"

"Sijaja kwa hilo. Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nimenunua mengine mawili."

"Ya kwetu?"

Joackim alitazama viatu vyake. "Si ya kwenu."

Hilari akacheka taratibu. "Mbona unasema kama mtu aliyeoa mke wa pili na wa kwanza yuko jikoni anasikia?"

"Ndivyo ninavyojisikia, mzee wangu. Lakini lile analoendesha Ebeneza limesimama karibu na Mtwango, leo siku ya tano. Pampu ya maji. Lina viazi. Wewe unakula viazi, unajua viazi havina subira."

Pampu hiyo tulikuwa tumeiagiza Dar. Dar walijibu kwamba lori hilo liliingia nchini likiwa limekwisha tumika Ulaya, halikununuliwa kwetu likiwa jipya, basi litangoja waliotangulia. Hilari aliwapigia tena mbele ya Joackim, akasema kwa upole, akakata simu. Joackim alimpa mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Benchi lilikuwa tupu siku hiyo.

Siku nne baadaye alifika meneja wa masoko, Bwana Steven, kijana nadhifu, na maboksi ya kofia na fulana zenye jina la kampuni. Alikuja na mpango: bei ya malori mapya ishuke kidogo, madereva wapewe kofia, redio itangaze. Alituuliza maoni. Hilari alimwomba kitu kimoja tu, kwamba atupakie kwenye gari lake twende mpaka Mtwango.

"Kuna nini Mtwango?"

"Kuna mteja wetu, bosi."

Ukungu ulikuwa haujainuka. Tulianza kuona matawi ya miti yaliyowekwa barabarani kuonya magari, kisha lori lenyewe, limeegemea upande wa bonde. Harufu ya viazi vilivyoanza kuoza ilitufikia kabla ya kufungua mlango. Ebeneza alitoka nyuma ya tairi amejitanda blanketi, ndevu zimemwota, sauti imekauka kama ya mtu ambaye hajaitumia.

"Mzee wa kaunta! Umeniletea pampu?"

"Nimekuletea bosi."

"Haya, karibu bosi. Viti sina, lakini viazi vipo. Nakula mzigo wa tajiri, anajua."

Bwana Steven alimpa kofia. Ebeneza aliipokea kwa heshima, akaigeuza, akachungulia ndani.

"Asante sana. Pampu iko humu?"

Sisi wawili tulicheka. Bwana Steven hakucheka, na namheshimu kwa hilo. Alimuuliza Ebeneza ana siku ngapi hapo.

"Tisa. Mchana si neno, kuna watu wanapita. Jana lori la Kichina liliharibika pale, mbele ya ule mkaratusi. Nikafurahi, bosi, nisikudanganye. Nikasema leo nina jirani. Nikabandika chai ya watu wawili. Yule bwana akapiga simu dukani Makambako, bodaboda ikaja na kipuri kwenye mfuko wa rambo. Chai haijachemka, mwenzangu kawasha, kapiga honi, kaenda."

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa vikombe viwili."

Hilari alivua skafu yake akamfunga Ebeneza shingoni, kama mtu anavyomfunga mdogo wake, na tukarudi. Ndani ya gari Bwana Steven aliendesha polepole. Tulipoiona Makambako aliuliza, "Mzee Mtewele, ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Nitakuandikia, bosi. Kwa mdomo nitakosea."

Kesho yake asubuhi alisimama kando ya meza yangu, mikono nyuma, akasema na mimi nikachapa. Aya ya kwanza ilisema kampuni isishindane kwa bei. Bei tutashindwa, na hata tukishinda tutakuwa tumepoteza. Mtu akinunua lori hanunui chuma, ananunua uhakika kwamba kesho litaamka. Wenzetu wanauza huo uhakika kwenye kila duka la mtaani, sisi tumeufungia stoo. Aya ya tatu ilisema mafundi wa mitaani wafundishwe, wasifukuzwe getini kama wezi. Ya nne ilisema malori yetu makuukuu, yale yaliyofika mkononi mwa mtu wa tatu na wa nne, ndiyo yanayotutangaza kila siku barabarani, na kuyanyima pampu ni kujinyima jina.

Aya ya pili ndiyo iliyonisimamisha vidole. Ilisema: vipuri vinavyochakaa upesi, yaani mikanda, pampu, vichujio, vipelekwe kwenye maduka ya mjini, kwa bei itakayowaachia wenye maduka faida. Tawi libaki na karakana. Kaunta haihitajiki.

Niligeuka. "Mzee, kwa nini tusiombe stoo yetu iongezwe? Watatuletea pampu hata hamsini."

"Stoo yetu inafungwa saa kumi na moja, mama Stella. Jumapili haipo kabisa. Nikodemo Sanga, yule wa duka la vipuri mjini, analala dukani kwake."

"Lakini kaunta ni..."

"Andika."

Alikwenda kumhudumia mtu. Nilichapa barua yote, na aya ya pili nikaiacha nje. Sikuwa na nia mbaya. Nilifikiri mambo matatu mazuri yanatosha kwa barua moja. Nilimpelekea asaini pamoja na chai, nikitumaini ataangalia chini tu, mahali pa sahihi. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikitembea chini ya kila mstari.

"Umesahau ya pili."

"Sijasahau."

Aliniangalia muda mrefu. Ilikuwa mara chache ananitazama usoni.

"Unadhani mimi sijui nasaini nini?"

"Najua unajua. Ndiyo maana."

"Ebeneza amelala pale siku tisa," alisema, "na mimi siku zote tisa nilikuwa na watu wa kuongea nao hapa. Iandike, mama Stella. Nitasubiri."

Alisubiri kweli, akiwa amesimama, chai ikipoa. Niliandika. Alisaini kwa herufi za shule ya misheni, kubwa na zilizosimama wima.

Jibu lilichukua miezi saba. Bei haikushuka. Maboksi ya kwanza yalifika dukani kwa Nikodemo mwezi wa Januari, na Hilari alikaa naye wiki mbili, bila malipo ya ziada, akimwonyesha kipi kikae wapi na kipi kisikae karibu na dirisha. Mafundi kumi na wawili wa mtaani waliitwa karakanani kujifunza. Kaunta yetu iling'olewa siku ya Alhamisi. Mafundi seremala walisema mbao zake bado nzuri. Kwenye kumuaga Hilari tulikunywa soda, akapewa saa ya ukutani na cheti, Bwana Steven akaja mwenyewe kutoka Dar na kusema maneno ya kweli. Mimi nilihamishiwa Njombe kusimamia ugavi wa madukani, nikapanga nyumba Mjimwema.

Barua ile ilikuwa sahihi. Naweza kusema hivyo kwa takwimu, maana ni mimi ninayeziandika. Malori yanasimama saa chache pale yaliposimama wiki. Joackim alinunua la kwetu tena, safari hii jipya kabisa. Nilikutana na Ebeneza mwaka jana kwenye kituo cha mafuta Njombe, amenenepa, akaniambia pampu anaipata kwa dakika kumi siku hizi.

"Sasa unalalamikia nini?" nilimuuliza, kwa sababu uso wake haukuwa wa furaha.

"Silalamiki, mama. Nikodemo mtu mwema. Ila anakupa kitu, anakutazama kama kusema mwingine apite. Yule mzee yuko wapi?"

Alikuwa Mdandu, kwenye shamba la wazazi wake, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ndugu zake walikwisha ihama mmoja mmoja. Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Kazi, watoto, mvua, mtu hakosi sababu. Alinipikia mwenyewe. Uwanja ulikuwa umefagiliwa kupita kiasi, mistari ya ufagio mpaka kwenye njia, na hapakuwa na nyayo juu yake ila zangu.

Baada ya hapo nilianza kumpigia simu. Mara mbili, mara tatu kwa mwezi, nilimpigia kutoka ofisini na kumuuliza namba ya kipuri. Nilijifanya kompyuta imekwama, au duka la Ludewa limeagiza kitu kwa jina la zamani. Alinitajia papo hapo, tarakimu kumi, sauti ikichangamka, na nilizirudia polepole kama ninaandika. Kisha nilisema asante mzee, umeniokoa, nikakata. Sikuwahi kukaa zaidi ya dakika mbili. Nilidhani hicho ndicho alichokuwa akihitaji, kuhitajiwa, na kwamba nilikuwa nimempatia dawa. Leo najua nilimtendea kama Nikodemo anavyowatendea madereva, ila kwa simu.

Alifariki mwezi wa Machi, kwa presha, mahindi yakiwa bado shambani. Jirani alimkuta asubuhi.

Siku nne kabla yake nilikuwa nimempigia. Nilimuuliza namba ya kichujio cha dizeli, kile kifupi. Alikaa kimya upande wa pili, nikasikia kuku, na kitu kama beseni likiwekwa chini. Nilidhani ameisahau, nikaanza kuona aibu kwa ajili yake. Kisha akasema, bila ukali wowote:

"Hiyo namba unaijua, mama Stella. Niulize habari za mahindi."