Élisabeth Asiye na Vidole
Mashine ya ofisi ya misaada ilimkataa Élisabeth mara ya tatu, na safari hii alicheka hadi mkongojo ukamponyoka.

Alikuwa amesuka nywele miaka ishirini na sita, kwanza Bukavu, kisha katika saluni moja ya mtaa wa Berea, Durban, mpaka teksi ilipomgonga ikamvunja nyonga. Hakuweza tena kusimama kutwa. Mkimbizi mwenye ulemavu ana haki ya msaada wa serikali, na karatasi zake zote zilikuwa sawa, ya daktari ikiwemo. Tatizo lilikuwa alama za vidole. Rasta na uzi vilikuwa vimezilamba, ncha zikabaki laini kama sahani.

"Mama, kompyuta inasema huna vidole," akasema Fathima, karani mzaliwa wa Durban ambaye bibi yake alimwachia Kiswahili cha kuungaunga. "Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Mara ya kwanza wenzake wa saluni walimfanya bibi harusi: wakampaka Vaseline asubuhi na jioni, wakamvisha glavu, na rafiki yake Inès akamlisha fufu asiguse kitu. Mara ya pili wakajaribu maji ya ndimu. Vidole vikanukia vizuri tu.

"Sawa, binti yangu," Élisabeth akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Lakini leo nipe barua. Andika: Élisabeth hana vidole. Piga muhuri."

"Eish, mama! Siwezi kuandika hivyo. Si unavyo?"

"Iko hapa, yote kumi!" Akaviinua, akavichezesha. "Kama ninavyo, nipokee. Kama sina, niandikie."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Fathima alijaribu kukunja uso, akashindwa, akaenda kumwita mkubwa wake. Bwana yule akaja amenuna, akatazama vidole vilivyokuwa bado vinacheza hewani. Nani angetia saini barua kama ile?

Ndipo akavuta droo ya chini kabisa, akatoa fomu ya manjano, ya watu ambao alama zao hazisomeki. Ilikuwepo siku zote.

Kwa kitambo Élisabeth hakucheka. Wiki tatu alikuwa amepanda ngazi za ofisi ile na nyonga mbovu. Kisha akamwona Vénérand, mzee wa kiwanda cha sabuni kule Mobeni, mikono imebabuka, akikusanya karatasi zake aondoke. Naye mashine ilikuwa imemkataa.

"Papa Vénérand, unaenda wapi? Rudi! Iko fomu!"

Wakarudi watu saba waliokataliwa na mashine, mmoja akikimbia kutoka barabarani. Fathima akawatolea nakala bila kungoja kuambiwa.

Jibu la ombi la Élisabeth lilikuja baada ya wiki sita: amekubaliwa. Alipiga vigelegele palepale saluni. Mteja wa Inès akaruka kitini, rasta nusu kichwa, wakacheza wote watatu, Élisabeth kwa mguu mmoja.