Mama Alivyowaombea Wayahudi

Mamangu aliwaombea Wayahudi kila Ijumaa alasiri katika kanisa letu la Kisauni, na nalisema hili kifua mbele, maana wako waliomcheka. Yeye ndiye aliyeongoza maombi ya kina mama. Wakishawaombea wagonjwa, watoto wa shule na wanaotafuta kazi bandarini, alikuwa akisema, "Sasa tuwakumbuke wakubwa wetu." Wakubwa wetu, kwake yeye, ni Wayahudi. Mungu aliwachagua wao kwanza, akampa Ibrahimu ahadi, nasi tukaja baadaye tukakaribishwa. Aliamini kwamba ahadi ile haijavunjwa, na Mungu ana shughuli nao mpaka mwisho wa dunia.

Siku hizi ukitaja Wayahudi mtaani kwetu, watu wanafikiria vita tu. Jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alimsikia mama akiomba nyumbani, akamjia na jicho kali.

"Jirani, hao nao wawaombea?"

"Naombea watu, siombei mabomu," mama akamjibu.

"Basi watie na wa upande wa pili."

"Nishawatia zamani."

Yule bibi akaketi, wakachambua mchicha pamoja mpaka adhana.

Kisha tukaletewa mchungaji mpya, kijana wa bara, mpole, msomi, anayehubiri mpaka watu wanasahau joto. Sina ubaya naye. Ijumaa moja aliyasikia maombi ya mama, na watu walipotoka akatuita sote wawili, kwa kuwa mimi ndimi nifundishaye darasa la watu wazima Jumapili baada ya ibada. Akasema maombi yale yanapotosha. Israeli wa leo ni Kanisa. Wayahudi walipewa zamu yao, wakamkataa Masihi, na mahali pao sasa tumekaa sisi. Mama achague: ayaache maombi hayo au ampishe mwingine aongoze. Nami akanipa kazi ya kulifundisha jambo hilo Jumapili ijayo, watu walielewe.

Mie si mtu wa kumeza maneno. Nilishafungua kinywa, mama akanifinya mkono. "Haya, mchungaji," akasema. "Tafuta mwingine." Akachukua leso yake, tukaondoka.

Nyumbani nilimwakia. Miaka yote ile anaamini neno moja, halafu kijana wa juzi anamwambia pisha, naye anapisha? Mama alikuwa akikanda unga wa mahamri, hata hakuinua kichwa.

"Wataka nifanyeje? Nikae pale mbele niseme kama yeye? Nimwambie Mungu usoni kwamba naye ni kama babako?"

Nilijua anachosema, na pale kanisani hakuna mwingine aliyejua. Mama huyu hakunizaa. Yeye ni mke wa kwanza wa baba. Walifunga ndoa kanisani, wakaishi Likoni, mtoto hakuja. Baba akaoa mwingine kimyakimya huko Changamwe, nikazaliwa mimi, na siku moja akasimama mlangoni pale Likoni akamwambia mama kwamba mahali pake pameshapata mtu. Kisha mamangu mzazi akafariki nikiwa sijaanza hata shule. Baba alinipeleka wapi? Kwa yule yule aliyemwacha, nguo zangu zote ndani ya mfuko wa plastiki. Mama akanipokea, akaniogesha, akanilisha. Na kabla watu wa Likoni hawajazoea kuniita mtoto wa kambo, akahama nami hadi Kisauni, mahali ambapo hatukujulikana. Huku watu husema tumefanana hata mwendo, naye huwajibu, "Angefanana na nani tena?"

"Nitawaambia Jumapili," nikasema.

"Usithubutu. Watajua hukutoka tumboni mwangu."

"Na wajue."

Akaufunika unga, na siku ile hakunisemesha tena. Nilimwelewa. Alikuwa hana mali wala cheo, ila alikuwa na hilo moja la kuringia, kwamba yeye ni mama aliyezaa. Nami nilikuwa nataka kumvua hilo mbele ya kanisa zima. Nilipima mpaka Jumamosi usiku, nikaona potelea mbali, afadhali anikasirikie mimi kuliko akae nyuma akisikia watu wakifundishwa kwamba wa kwanza hutupwa.

Jumapili darasa lilijaa. Mchungaji aliketi benchi la nyuma, mama karibu na dirisha, uso kama jiwe. Nikaanza na yale ambayo Mtume aliwaandikia waumini wa Rumi, juu ya mzeituni wa shambani na matawi ya mwituni yaliyopandikizwa juu yake. Nikawaambia Mtume aliyaonya yale yaliyopandikizwa yasijivune mbele ya yale ya asili, kwa maana shina si lao. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa tu, kwa mazoea. Hapo ndipo nilipowaambia.

"Mimi ni tawi la kupandikizwa. Mama yule pale hakunizaa. Mimi ni mtoto wa mke wa pili, yule ambaye mama aliambiwa amekaa mahali pake. Nimekulia kwake, nimesomeshwa kwa mahamri yake, hata Kiswahili hiki mnachonisifia ni chake. Sasa nani atanisimamisha hapa niseme yeye ameondolewa ili niingie mimi? Niliingia kwa sababu yeye hakuondoka."

Sikumtazama mama; niliogopa. Lakini nakwambia, sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa na fahari kama ile, na ya kuzaliwa naye isingefika hapo.

Mchungaji akasimama, akajipangusa jasho. "Mwalimu, mimi bado nayasoma hayo tofauti kidogo," akasema, nami nilimheshimu kwa kutojifanya. "Tutayazungumza. Lakini Ijumaa mama ataongoza kama kawaida. Na hata sasa, mama, naomba utufungie kwa maombi."

Mama aliinuka taratibu. Akanitupia jicho ambalo hata leo sijui lilikuwa la hasira au la nini, kisha akafumba macho. Akawaombea wana wa Ibrahimu, Mungu asiwasahau. Akawaombea wote wanaoliliana huko kwao, pande zote mbili. Akamwombea mchungaji hekima na afya. Mzee mmoja akadhani yamekwisha, akaanza kuitika.

"Na mke mwenzangu, Bwana," mama akasema. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimtaja. "Umpumzishe pema. Ndiye aliyenizalia huyu."

Darasa zima likaitika amina. Mimi sikuitika; nilikuwa nimeshaanza kwenda dirishani kwa mama.